Penye Taa Moja: Watoto Wanaofundishwa Nyumbani

Neno la mwezi: 5 Mose 6:4–9



Waisraeli walipokuwa wakingoja kuvuka mto wa Yordani, naye Mose akijua ya kuwa yeye mwenyewe hatavuka, aliwaachia wazazi agizo moja. Hakuwaambia kwanza wajenge nyumba ya shule, wala hakuwaambia watafute mwalimu hodari wa kuwalea watoto wao. Aliwaambia habari za nyumba, na njia, na kitanda, na miimo ya mlango. Maneno ya Mungu na yakae kwanza mioyoni mwa baba na mama. Kisha wayanene mbele ya watoto wakiketi na wakitembea, wakilala na wakiamka. Basi siku nzima ndiyo saa ya masomo, na mwalimu wa kwanza ni yule yule apikaye uji asubuhi.

Sisi twalisikia agizo hili mara nyingi, nasi twaitikia Amina. Lakini moyoni twajibu neno jingine: Bwana, nafasi hatuna. Jioni tumechoka. Watoto wana kelele, nyumba ni ndogo, mvua inanyesha, nasi wenyewe hatukusoma sana. Mwalimu wa kipaimara yuko, shule ya Jumapili ipo; huko watafundishwa.

Kwa hiyo mwezi huu nataka tuitazame nchi moja ya mbali, ambayo Wakristo wake wengi ni Walutheri kama sisi, tuone jinsi Mungu alivyofanya kazi yake katika nyumba zilizokuwa na udhuru mwingi kuliko nyumba zetu.

Nchi hiyo ni Aisilandi, kisiwa kilicho kaskazini sana, peke yake baharini, magharibi ya Norwe. Mafundisho ya Dakta Martin Luther yalipokelewa huko katikati ya karne ya 16. Majira ya baridi ya huko hayafanani na baridi yetu ya mlimani ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu unapotufunika na watoto wakikaa karibu na meko. Katika mji wa Reykjavík, mwezi wa Desemba, jua huchomoza yapata saa tano na dakika 20 mchana, nalo hutua saa tisa na nusu. Mchana wote ni saa nne na kitu. Saa zilizobaki ni za giza, na upepo, na theluji.

Zamani, kabla ya karne ya 20, wakulima wa huko walikaa katika nyumba zilizojengwa kwa mawe na mabonge ya udongo wenye nyasi, hata nyasi zikamea juu ya paa. Miti ilikuwa michache, na kuni zilikuwa haba. Watu wote wa nyumba, yaani baba na mama, watoto, bibi mzee na watumishi, walikaa katika chumba kimoja kirefu. Vitanda vilipangwa kando ya kuta, na kitanda cha usiku ndicho kilichokuwa kiti cha mchana. Mara nyingi chumba hicho hakikuwa na moto wowote. Joto lake lilikuwa la miili ya watu tu, na pengine la ng'ombe waliofungwa chini yake. Wazee wetu wa Uchagani, waliolala nyumba moja na ng'ombe wao, wangaliyaelewa mambo hayo upesi.

Tuwaze basi jioni moja katika nyumba ya namna hiyo, yapata miaka 200 iliyopita. Jua limekwisha kutua. Taa haijawashwa bado, kwa maana mafuta yake, yaliyotolewa katika maini ya samaki, ni ya thamani. Wakubwa wamejinyosha kidogo gizani wapate kupumzika. Bibi mzee hakulala. Watoto wamejikusanya kitandani pake, naye awasimulia hadithi kwa sauti ya chini. Kisha taa moja yawashwa, na kila mtu ashika kazi yake: huyu achambua sufu, huyu asokota nyuzi, huyu afuma soksi. Hata mtoto wa miaka minane ana sindano zake za kufumia. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri akaa karibu na taa, naye awasomea wengine habari za kale wakati mikono yao inapofanya kazi. Mwisho wa jioni waja wakati wa ibada ya nyumbani. Waimba wimbo, wasikia mahubiri yakisomwa kitabuni, waomba. Ndipo taa yazimwa.

Na mtoto mdogo alijifunzaje kusoma? Alijifunza pale pale kitandani, ubavuni pa mama yake au bibi yake. Kitabu kiko magotini, na sindano ya kufumia ndiyo kijiti cha kuonyeshea herufi. Mtoto asoma neno, akosa, arudia. Mdogo wake avuta uzi. Mchanga alia, ataka kunyonya. Mama ampa ziwa huyu, amwonyesha herufi yule, na huku akumbuka kwamba soksi za baba hazijakwisha. Hakuna fahari yoyote katika mambo hayo. Mtu akipita mlangoni hasemi, Hii ni shule. Walakini ndiyo shule iliyowafundisha watu wa nchi ile kusoma, maana shule za watoto wadogo zilikuwa karibu hazipo.

Msidhani, ndugu, ya kuwa watu wale walikuwa malaika. Kati ya mwaka 1741 na 1745 mkaguzi mmoja, jina lake Ludvig Harboe, alitumwa kutoka Denmark ili aangalie hali ya kanisa na ya elimu katika Aisilandi. Akazunguka nchini, akaona watu wengi hawajui kusoma bado, na watoto wengi hawakufundishwa ipasavyo. Baada ya ziara yake zilitolewa amri mpya. Mwaka 1746 wachungaji waliagizwa waende nyumba kwa nyumba, wawapime watoto na watumishi kama wajua kusoma na kama wazifahamu nguzo za imani. Wazazi wakajua kwamba mchungaji atakuja, naye ataketi kwenye kitanda kile kile, na kumwita kila mmoja kwa jina lake. Baada ya muda mfupi wa vizazi viwili au vitatu, karibu watu wote wa nchi walijua kusoma. Hata sheria ya mwaka 1907 ilipowapasa watoto wa miaka 10 hadi 14 kwenda shule, kuwafundisha wale wadogo kusoma na kuandika kulibaki kuwa kazi ya nyumbani. Leo watoto wa Aisilandi huingia shule wakiwa na umri wa miaka 6, kama watoto wa nchi nyingine.

Katika habari hizo yapo mambo matatu ninayotaka tuyashike.

La kwanza: giza na baridi, vilivyoonekana kuwa kizuizi, ndivyo vilivyowakusanya. Wakati wa kiangazi watu wale walitawanyika, huyu akakata majani ya mifugo, huyu akaenda kuvua, huyu akachunga kondoo mlimani. Theluji ilipofunga njia, walikaa pamoja penye taa moja, hawana pa kwenda. Sisi twasema, Nitawafundisha watoto wangu nitakapopata nafasi. Wao walifundisha wakati nafasi ilipokuwa finyu kuliko nyakati zote. Mungu hatungojei mpaka tuwe na nyumba kubwa na moyo mtulivu na watoto wasiolia. Mvua ya masika inapokufungia ndani pamoja na watoto wako, usihesabu jioni hiyo kuwa imepotea. Huenda ndiyo jioni aliyokupa Bwana.

Tena tazameni, hawakuacha kazi ili wafundishe. Mikono ilifuma, masikio yakasikia. Mama achambuaye maharage aweza kumsikiliza mtoto akisema amri za Mungu. Baba atengenezaye jembe lake aweza kueleza kwa nini twasema katika Baba Yetu, utupe leo mkate wetu. Mose alisema habari za kuketi na kutembea kwa sababu alijua ya kuwa wazazi ni watu wa kazi.

La pili: mchungaji alipofika nyumbani hakuuliza habari za watoto wa mwenye nyumba tu. Katika nchi ile watoto wengi wa maskini na mayatima waligawiwa kwa wakulima ili walelewe, nao walezi wakalipwa kidogo. Wengine walipata baba na mama wa kweli. Wengine walilala na njaa, wakapewa kazi kupita nguvu zao, wakakaa mahali penye baridi kuliko pote chumbani, mbali na taa. Lakini wajibu wa kufundisha uliwahusu hao pia. Mtoto wa kulelewa naye aliitwa, akaulizwa, jina lake likaandikwa katika kitabu cha usharika pamoja na wengine. Mbele ya kitabu hicho mwana wa tajiri na yatima walisimama sawasawa.

Basi ndugu, nauliza kwa upendo, lakini nauliza wazi: ni nani akaaye mbali na taa nyumbani mwako? Yuko binti uliyemwajiri kukusaidia kazi, ambaye naye ni mtoto wa watu. Mnapoomba sebuleni, yeye yuko jikoni akiosha vyombo. Nanyi mmezoea hata hamwoni tena ya kuwa hayupo. Yuko mtoto wa ndugu yako marehemu. Ada yake ya shule walipa, na hilo ni jema, lakini kitabu hakumfunguliwa. Sadaka ya nyumba ile, je, Bwana ataipokea kwa furaha? Yeye aliyemkumbatia mtoto mbele ya wanafunzi wake hakuuliza kwanza, Huyu ni wa nani? Mwite huyo binti aache vyombo. Mpe nafasi ya kuketi. Mwambie asome yeye zamu ya leo. Na kama hajui kusoma, ndipo umpate mwanafunzi wako wa kwanza.

La tatu ni gumu zaidi. Mwaka ule ule wa 1746 ilitolewa amri nyingine ya nidhamu ya nyumbani, nayo iliwaagiza wazazi wawaadhibu watoto kwa mkono au kwa fimbo wakikosa. Hofu ikaingia katika nyumba nyingi pamoja na kitabu. Nasi twaijua hofu hiyo. Mimi mwandishi wa maneno haya siwezi kujitoa katika hukumu. Jioni moja mwanangu mdogo alikuja na Katekisimo mkononi, aulize maana ya neno moja. Nami nilikuwa nimechoka, nikiandika hotuba ya Jumapili. Nikamwambia kwa ukali aende akalale. Akaenda. Hotuba yangu ikaisha, nayo ilikuwa juu ya upendo wa Baba wa mbinguni. Siku nyingi zilipita kabla hajaniletea tena kitabu kile.

Ndugu, ukali waweza kumfundisha mtoto herufi. Waweza hata kumfundisha kusema Imani yote kwa moyo bila kukosa neno. Lakini hauwezi kumfundisha kumwita Mungu Baba. Neno hilo mtoto hulisikia kwanza kwa sauti ya baba yake wa hapa duniani, na kama sauti hiyo ni ya kutisha, atasitasita kulitamka kwa Mungu.

Hapo torati hutuhukumu sisi sote. Ni nani kati yetu aliyeyatimiza maneno ya Mose, akiketi na akitembea, akilala na akiamka? Tukisoma agizo hilo kwa kweli hatujivuni, twanyamaza. Lakini Mungu na asifiwe, Mwalimu wetu hana ukali kama wetu. Dakta Luther alizuru sharika za Saksonia mwaka 1528, akahuzunika alipoona jinsi watu na hata wachungaji wengine walivyokosa kuyajua mambo ya kwanza ya imani. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimo Ndogo, na katika vichwa vyake akaonyesha kwamba yampasa mwenye nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Walakini yeye mwenyewe, aliyekuwa daktari wa maandiko na mhubiri, alikiri ya kuwa kila siku huyasoma maneno yale yale kama mtoto mdogo, tena hataki kuacha kuwa mwanafunzi wake.

Hii ndiyo faraja ya wazazi. Hukuitwa kuwa mwalimu asiyekosa. Umeitwa kuketi pamoja na watoto wako penye taa moja, nawe u mtoto pamoja nao, ukisikia kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya baba mwenye hasira na mama aliyechoka. Jioni ile niliyoitaja, mwishowe nilimwita mwanangu, nikamwambia, Nilikosa, unisamehe. Alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka, akaketi. Naamini somo hilo la ondoleo la dhambi alilielewa kuliko yote niliyomfundisha kwa kitabu.

Huenda mama mmoja asema: Mume wangu hayuko, au, yuko lakini hataki mambo ya kanisa. Nitafanyaje peke yangu? Mkumbuke Timotheo. Baba yake alikuwa Myunani, na Maandiko hayamsifu kwa imani. Lakini imani ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, na katika mama yake Eunike, naye akayajua Maandiko matakatifu tangu utoto. Wanawake wawili katika nyumba moja walitosha kumlea mtenda kazi wa Mtume Paulo.

Tena tusiahirishe. Katika Aisilandi ya karne ya 17 alikuwako mchungaji maskini, jina lake Hallgrímur Pétursson. Alipokuwa akitumika katika usharika wa Hvalsnes alifiwa na binti yake Steinunn, mwaka 1649, naye hakuwa ametimiza miaka minne. Baba yake akachukua jiwe, akalichonga jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Jiwe hilo lingaliko katika kanisa la Hvalsnes hata leo. Baadaye mchungaji huyo alitunga nyimbo 50 za mateso ya Bwana wetu, zilizochapwa mwaka 1666. Naye alipata ukoma, akafa mwaka 1674. Nyimbo zake zikaingia katika nyumba zile za udongo, zikasomwa na kuimbwa jioni za Kwaresima, na watoto wakazishika kwa moyo kabla ya kujua kuzisoma. Hata siku hizi husomwa katika redio ya nchi ile kila Kwaresima.

Mtoto Steinunn hakufikia umri wa kushika kitabu. Jina la Yesu hakuweza kulipata shuleni, wala katika darasa la kipaimara. Alipaswa kulipata magotini pa wazazi wake tu. Nasi hatujui hesabu ya jioni tulizopewa pamoja na watoto wetu. Wengine huenda shule za bweni wangali wadogo. Wengine huolewa, wengine huenda mijini kutafuta kazi. Na wengine, Bwana mwenyewe huwaita mapema. Siku hiyo mzazi hatajuta kwamba hakuwapa watoto nguo nzuri zaidi.

Basi nawapa shauri dogo kwa mwezi huu. Watoto waendelee kwenda shule, tena kwa bidii. Mambo haya hayapingani. Lakini chagueni wakati mmoja wa jioni, hata kama ni dakika 15 tu. Simu na televisheni zinyamaze. Wote waitwe, hata binti wa kazi, hata babu asiyesikia vizuri. Imbeni wimbo mmoja mnaoujua. Mtoto mmoja asome aya chache, naye akikosa asichekwe. Semeni pamoja sehemu moja ya Katekisimo, amri moja au ombi moja, wiki nzima ile ile, mpaka hata mdogo ameishika. Ombeni kwa ajili ya mtu mmoja kwa jina lake. Kisha mlale. Siku moja mkishindwa, msikate tamaa, bali kesho yake anzeni tena. Maana rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi. Na wazee wa kanisa mkiwazuru washarika, msiulize habari za ahadi na michango tu. Ketini kitandani kama wachungaji wale wa zamani, mkawasikilize watoto.

Nuru yang'aa gizani, asema mwinjilisti Yohana, wala giza halikuishinda. Taa ya nyumba ya Aisilandi ilikuwa ndogo sana, na utambi wake ulitoa moshi. Haikuufukuza usiku wa nchi ile. Ilitosha tu kuuonyesha mstari mmoja wa kitabu, na uso wa mama, na mikono ya watoto. Bwana hakutaka zaidi.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, wewe uliyekua katika nyumba ya Mariamu na Yusufu, ukawatii, ingia katika nyumba zetu. Utusamehe maneno yetu makali na jioni tulizozipoteza. Uwakumbuke mayatima na watoto wakaao kwa watu, uwaketishe karibu na nuru. Uwape wazazi waliochoka nguvu ya kuanza tena, na sisi sote, wakubwa kwa wadogo, utufanye wanafunzi wako mpaka tutakapokuona uso kwa uso. Amina.